Maksai Anayechechemea Asifungwe Nira

Maksai anayechechemea asifungwe nira. Najua kauli hii itawaudhi wakulima wengi kati ya Laela na Namanyere, huku kwetu Ufipa mkoani Rukwa, kwa sababu wapo wenye mnyama wa namna hiyo zizini na ekari zinazosubiri plau. Hoja wanazonijibu nazo nimezisikia minadani, barabarani na kwenye mipaka ya mashamba, na sioni ukatili ndani yake. Wanaozitoa wanamtegemea yule ng'ombe, wanamwita kwa jina, na usiku wakisikia kelele zizini wao ndio wa kwanza kutoka na tochi. Ndiyo maana hoja zao zinastahili kujibiwa moja moja, bila kupunguziwa uzito.

Inayotangulia siku zote ni hii: "Anachechemea kidogo tu."

Kidogo kwa kipimo gani? Madaktari wa farasi wa Marekani hutumia ngazi zinazoanzia 0 hadi 5. Ngazi ya 1 na ya 2 ni za kilema kisichoonekana kirahisi. Jicho lililozoea hukigundua farasi akizungushwa kwenye duara au akibebeshwa mzigo. Ngazi ya 3 huonekana kila anapokimbizwa mchakamchaka. Ngazi ya 4 ni ile inayoonekana mnyama akitembea tu, na ya 5 ni ya mguu ambao karibu haukanyagi chini kabisa. Sisi ng'ombe wetu hatumkimbizi ili tumtazame. Tunamwona akitembea, akitoka zizini kwenda mtoni au shambani. Kwa hiyo uchechemeaji ambao jirani ameuona akiwa barabarani, bila kuinama wala kugusa mguu, kwa kipimo hicho umebakiza ngazi moja kufika mwisho. Ng'ombe si farasi, na wataalamu wa ng'ombe wana vipimo vyao, lakini kwenye ngazi hizo za farasi uchechemeaji wa namna hiyo haustahili kuitwa "kidogo".

Kumtazama kuna utaratibu wake. Mguu wa mbele ukiuma, kichwa hupanda pale mguu huo unapogusa ardhi, na hushuka ule mzima unapokanyaga, kwa sababu mnyama anajaribu kuuondolea uzito ule mbovu. Ukiuma wa nyuma, tazama nyonga: ya upande wenye maumivu hupanda na kushuka zaidi kuliko mwenzake. Ng'ombe aliyeumwa kwato kwa muda mrefu hutembea mgongo umejikunja kuelekea juu, hatua zikiwa fupi. Mtoto wa miaka kumi akielekezwa mara moja huyaona yote haya, na mara nyingi ndiye anayetembea mbele ya jozi.

Nimetaja farasi kwa makusudi, ingawa Ufipa haina farasi. Nyanda za chini kuelekea misitu ya Katavi zina mbung'o, na nguvu za shambani huku juu zimekuwa za maksai. Lakini michezo ya farasi imebishania swali hili hili kwa miaka mingi, mbele ya majaji na fedha nyingi, na walipofikia panafaa kujulikana hapa.

Chukua hoja ya pili, ninayoisikia zaidi kwa wakulima wazoefu: "Akipata joto anaacha." Walichokiona ni kweli. Maksai anaanza mfuo wa kwanza akiwa amekakamaa, mfuo wa tano anatembea afadhali. Damu imezunguka, maungo yamelainika, fimbo na kelele zimemwondoa mawazo kwenye mguu. Kosa liko kwenye kile wanachokihitimisha. Maungo yenye ugonjwa yanaendelea kusagika wakati huo huo mnyama anapoonekana kupata nafuu, na mwenye kutaka kujua ukweli asimtazame saa nne asubuhi akiwa kazini. Amtazame kesho yake alfajiri, anapoinuka alipolala. Akijikokota kuinuka, au akisimama akiupumzisha mguu ule ule, basi jana hakuacha kuchechemea. Alizidiwa na kazi tu.

Kuna mbio za farasi za masafa marefu, hata kilomita 160 kwa siku moja, zinazosimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI. Mbio hizo hugawanywa vipande. Kila kipande kinapoisha, mapigo ya moyo wa farasi lazima yashuke hadi kiwango kilichowekwa, kwa kawaida 64 kwa dakika, kisha anakimbizwa mchakamchaka mbele ya madaktari. Mwendo usipokuwa sawa, anatolewa. Ukaguzi huo hufanyika hata baada ya mstari wa mwisho, na farasi aliyewatangulia wenzake wote anaweza kunyimwa ushindi kwa sababu ya mguu. Farasi hao wanakaguliwa wakiwa wametoka kukimbia makumi ya kilomita, wamepata joto lote ambalo mnyama anaweza kulipata. Kama joto lingekuwa dawa ya kuchechemea, nani angetolewa? Na bado mwendo usio sawa ndio sababu inayowatoa farasi wengi zaidi katika mashindano hayo. Hata wenye uwezo mkubwa hawakuachwa: mwaka 2015 FEI ililisimamisha shirikisho la Falme za Kiarabu kwa sababu ya jinsi farasi walivyokuwa wakitendewa katika mbio hizo.

"Huo ndio mwendo wake, alizaliwa nao." Hapa wakulima wana sehemu ya ukweli, na lazima niikubali kwanza. Kuna vilema visivyouma. Mfupa uliovunjika utotoni ukaunga vibaya unaweza kumwachia ng'ombe mwendo wa ajabu maisha yake yote bila maumivu yoyote. Kuna pia hali moja inayowapata sana ng'ombe wenye nundu, hasa wa kazi, na ambayo huku huitwa kilema cha kuzaliwa wakati sivyo. Kano ya upande wa ndani inayoshika pia ya goti la nyuma hukwama juu ya mfupa wa paja. Mguu unabaki umenyooka kwa nyuma, ncha ya ukwato inaburuza ardhi, kisha unafyatuka kwenda mbele kwa ghafla. Hatua chache zinapita vizuri, halafu unakwama tena. Ukiona maksai anayerusha mguu wa nyuma namna hiyo, hasa asubuhi, kuna uwezekano mkubwa unaiona hali hiyo.

Na hali hiyo inatibika. Daktari wa mifugo hutia ganzi, hukata kano hiyo kwa kisu kidogo, na mara nyingi ng'ombe huondoka pale akitembea mwendo ambao mwenyewe alikuwa ameusahau. Ni upasuaji mfupi, unaofanyika ng'ombe akiwa amesimama au amelazwa na kufungwa kamba. Nikifikiria maksai waliotumikishwa miaka sita au saba wakirusha mguu, huku kila mtu akisema ndivyo walivyo, naumia kweli. Sentensi ile ile iliyomfanya mwenye mnyama ajione anamfahamu ng'ombe wake ndiyo iliyomzuia kumwita daktari.

Hata kilema kisichouma hakiendi vizuri na nira. Maksai mmoja huweza kuvuta kwa saa kadhaa nguvu inayolingana na karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Wa kilo 300, basi, ni kilo 30 hivi. Wawili ni 60. Plau kwenye udongo mgumu wa Novemba hudai zaidi ya hapo, ndiyo maana wengi hufunga jozi mbili. Sasa mmoja kati yao akiwa na hatua fupi, nira hukaa mshazari. Mwenzake anatangulia nusu hatua kila mara na kuvuta sehemu isiyo yake, shingo inachubuka, plau inakimbia mfuo, na mshika plau anatumia siku nzima kuirudisha kwa mabega yake. Yule wa upande wa mfuo, anayetembea chini zaidi ya mwenzake, ana kazi ngumu kuliko wote. Ukimweka hapo mwenye kilema umempa mlima ndani ya shamba tambarare. Wakulima huja kuniuliza dawa ya kidonda cha shingo cha maksai mzima, na kumbe kidonda kile kimetokana na mguu wa mwenzake. Mnyama mwenye kilema cha zamani kisicho na maumivu anaweza kuishi zizini miaka mingi, akala, akatoa samadi. Kumfunga nira ni jambo jingine.

Kabla sijaiacha hoja hii, niseme kuhusu goti la mbele lililovimba likajaa maji. Hilo nalo huambiwa "ndilo goti lake". Mara nyingine uvimbe huo unatokana na brusela, ugonjwa ule ule unaofanya ng'ombe watupe mimba na unaompata binadamu kupitia maziwa yasiyochemshwa. Majimaji ya ndani ya uvimbe yanaweza kuwa na vimelea vyake. Asiutumbue mtu kwa kisu cha nyumbani na mikono mitupu.

"Angekuwa anaumwa angegoma, au asingekula." Ng'ombe ametokana na wanyama waliokuwa wakiwindwa. Katika kundi lao, aliyeonekana dhaifu ndiye aliyeliwa, na uzao ulioendelea ni wa waliojua kuficha. Isitoshe, agomeje? Shingoni ana nira, pembeni ana mwenzake anayevuta, mbele kuna mtoto ameshika kamba, nyuma kuna mjeledi. Msimu wake wa kwanza shambani ulikuwa wa kumfundisha asigome. Kula atakula, kwa sababu tumbo haliko mguuni. Mtazame analala muda gani mchana wenzake wanapochunga, anacheua au hacheui, anasaga meno au la, na manyoya yamelala au yamesimama. Huko ndiko anakosemea.

Kuna wanaosema: "Mpige sindano amalize msimu." Maduka ya dawa za mifugo mjini Sumbawanga yanauza antibiotiki ya oksitetrasaiklini kwa yeyote aliye na pesa, na imekuwa jibu la kila swali. Inasaidia kwato zinazooza, ule ugonjwa wa msimu wa matope wenye harufu mbaya na uvimbe katikati ya kwato mbili. Kijiwe kilichonasa haikiondoi. Mfupa uliopasuka haiuungi. Ugonjwa wa miguu na midomo unatokana na virusi, na dawa hiyo haiviui. Ng'ombe mchanga anayechechemea ghafla, paja likivimba na kutoa mlio wa mapovu ukilibonyeza, huenda ana chambavu. Huyo anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili, na cha kumfanyia ni kumwita mtaalamu saa hiyo hiyo, wala asichinjwe akaliwa.

Sindano za kuzima maumivu ndizo zinazonitia hofu zaidi. Mwezi Mei 1968, farasi Dancer's Image alimaliza wa kwanza katika Kentucky Derby, mbio maarufu kuliko zote nchini Marekani. Vipimo vikakuta mwilini mwake fenilibutazoni, dawa ya maumivu, na ushindi ukaondolewa akapewa aliyemfuata, Forward Pass. Hadi leo waendeshaji wa mbio katika nchi nyingi wanapima dawa hizo, kwa sababu mnyama asiyesikia maumivu anaukanyaga kwa nguvu zote mguu ulioanza kupasuka, mpaka unavunjika. Dawa ya maumivu ikiandikwa na daktari na kuambatana na mapumziko ni huruma kwa mnyama. Ikiambatana na nira ni njia ya kumfanya ajivunje mwenyewe. Na ng'ombe aliyechomwa dawa yoyote ana siku ambazo nyama na maziwa yake havitakiwi kuliwa. Ni watu wangapi wanazihesabu siku hizo anapopelekwa mnadani wiki ile ile?

Nafika kwenye hoja nzito kuliko zote: "Mvua haisubiri."

Sitaipuuza, kwa sababu ni kweli tupu. Uwanda wa Ufipa una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mahindi yaliyochelewa kupandwa hayawahi. Chakula cha mwaka, ada za watoto, deni la mbolea, na magunia yatakayopelekwa kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula au kwa wanunuzi binafsi, vyote vinategemea wiki chache ambazo udongo umelainika na bado hapajajaa matope. Trekta halifiki kila kijiji na halipandi kila mteremko. Na wiki hizo zinamkuta maksai akiwa amekonda kuliko wakati wowote wa mwaka, kwa kuwa malisho yamekuwa makavu tangu Juni. Anayemwambia mkulima wa Kaengesa au Mpui ampumzishe maksai mmoja Desemba anamwambia aache sehemu ya shamba bila kulima. Ni lazima alijue hilo kabla hajafungua mdomo.

Lakini Desemba sio mwezi wa kuamua jambo hili. Mwezi wake ni Septemba au Oktoba, jua likiwa kali na plau ikiwa imeegemezwa ukutani. Ukwato wa ng'ombe hukua takriban milimita 5 kwa mwezi. Maksai aliyekaa bila kazi tangu kulima kuishe, akitembea kwenye ardhi laini ya zizi, anafika Novemba na kwato ndefu, nyingine zimepinda, kisha anatiwa ghafla kwenye udongo mgumu. Kumlaza kwa kamba, kuinua miguu minne, kusafisha katikati ya kwato, kukata zilizozidi kwa koleo au kisu kikali na kutazama kama kuna ufa, ni kazi ya mchana mmoja kwa jozi nzima. Mabua ya mahindi na maganda ya maharage, badala ya kuchomwa au kuachwa yaoze, yakiwekwa juu ya kichanja yanamfikisha Novemba akiwa na nguvu. Na mwenye uwezo wa kufuga jozi afundishe dume la tatu. Najua ni gharama. Lakini familia yenye dume la akiba haijawahi kulazimika kujadiliana na mguu mbovu.

Asiye na la tatu ana majirani. Ndani ya kijiji kimoja utakuta nyumba mbili zenye jozi pungufu, kila moja ikimswaga mgonjwa wake, wakati wazima wawili wangefungwa pamoja wakalima mashamba yote kwa zamu. Watapoteza siku kadhaa kuwazoesha. Kusaidiana kwa jembe la mkono wazee walikujua vizuri. Sioni kwa nini kuishie kwenye jembe.

Uchechemeaji ukitokea katikati ya kulima, fungua nira saa hiyo hiyo na uinue mguu. Mara nyingi ni kijiwe au mwiba, na mkiutoa mapema kesho yake au keshokutwa anarudi kazini. Wengi hungoja jioni, na kufika jioni kijiwe kimeshachimba kidonda cha wiki tatu. Wakichechemea wengi kwa pamoja, mate yakiwatoka na ndimi zikiwa na vidonda, huo ni ugonjwa wa miguu na midomo: hakuna kulima, hakuna kuwahamisha, na afisa mifugo wa kata apewe taarifa siku ile ile, hata kama mnafahamu mnada utafungwa. Kuuficha ndiko kunakoufikisha vijiji vya jirani wakati nao wanalima.

Maksai aliyetunzwa hufanya kazi tangu akiwa na miaka mitatu au minne hadi kupita kumi. Anayemsukuma mgonjwa wiki mbili ili amalize shamba moja anaweza kweli kulimaliza. Ananunua wiki hizo mbili kwa miaka iliyobaki.

"Hayo ni mambo ya farasi wa Wazungu." Hapana. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, iliyotungwa na Bunge letu, na inamtaka mwenye mnyama amkinge na mateso yasiyo ya lazima. Lamu, ambako punda ndio wabebaji na watu wana mapenzi makubwa na mbio za punda wakati wa Maulidi, kuna zahanati ya punda tangu miaka ya 1980, na wenye punda wamekuwa wakishindanishwa pia kwa jinsi wanavyowatunza. Hao ni Waswahili na punda wao. Sisi tunapeleka mifugo kwenye maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, na macho yote huenda kwa dume mnene. Ningependa siku moja kuona jozi za maksai wa kazi kutoka Rukwa zikitembezwa mbele ya daktari, na tuzo ikienda kwa yenye miguu minane mizima.

Inabaki hoja ya wale waliokata tamaa: "Huyu tayari ni wa bucha. Nimalize nguvu zake, kisha nimpeleke mnadani." Nawaelewa, ila hesabu yao ina kasoro hata kwa kipimo cha fedha. Maksai mgonjwa aliyemaliza kulima anafika Januari akiwa mifupa na ngozi, kisha anaswagwa kilomita nyingi kwa mguu ule ule. Wanunuzi wa mnadani hutazama miguu kabla ya kutazama mgongo, na wanajua kabisa kwamba mwenye ng'ombe anayechechemea hana nguvu ya kumrudisha nyumbani. Afunguliwe sasa, alishwe mabua na chumvi, atazamwe na daktari. Asipopona, achinjwe karibu na alipofugwa, mkaguzi wa nyama akiwepo, bila kutembezwa njia yote hiyo.